Nani aliyeleta siasa kwenye kisomo?

Kila inapotolewa hoja kwamba darasa la watu wazima lizungumzie haki, iwe ujira wa kibarua, urithi wa binti au mizani ya mnunuzi wa mazao, jibu huwa liko mdomoni tayari: hawa wamekuja kujifunza kusoma na kuandika, msiwaletee siasa. Wanaojibu hivyo si watu wa kubezwa. Wengi wao wamefundisha kisomo kwa posho isiyotosha hata nauli, na wanawajua wanakisomo wao. Mama aliyetoka shamba, akapita kisimani, akamwachia binti yake maharage jikoni, akafika darasani saa kumi na kubana magoti chini ya dawati la mtoto wa darasa la pili, hakufuata mjadala. Anataka aache kutia dole gumba. Ukimpotezea nusu saa kwa hotuba, umemwibia.

Hoja hiyo naiheshimu na nitairudia. Lakini imebeba dhana ambayo haisemwi waziwazi, kwamba zamani kulikuwa na kisomo kisicho na siasa na sasa wamezuka watu wanaotaka kukiharibu. Kisomo hicho sijui kilifundishwa wapi. Hapa Tanzania hakikuwepo.

Mwaka 1968 UNESCO na serikali walianzisha mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, na makao yake yakawa Mwanza. Vitabu vya kujifunzia havikuanza na a, e, i, o, u kama vya watoto. Vilitungwa kwa kufuata kazi za watu: kitabu cha pamba, cha migomba, cha ng'ombe, cha uvuvi, cha utunzaji wa nyumba, na kimojawapo kikawa cha elimu ya siasa, bila kuficha. Mkulima alijifunza silabi huku akijifunza kupanda kwa mistari, kupiga dawa, na kutenga pamba safi na pamba fifi. Lengo lilitajwa wazi: uzalishaji uongezeke. Hakuna aliyelalamika kwamba mwanakisomo anatolewa kwenye herufi na kupelekwa kwenye mambo mengine. Kilimo bora kilihesabiwa kuwa sehemu ya kusoma.

Sasa angalia mahali mradi huo ulipofanyika. Usukuma ndiko ambako mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba, waliochoka kupunjwa, waliweka wapimaji wao wenyewe kukagua mizani ya wanunuzi. Vuguvugu hilo, likiongozwa na Paul Bomani, ndilo lililozaa shirikisho la vyama vya ushirika vya Victoria mwaka 1955, ambalo kwa muda mfupi likawa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika Afrika. Yaani watu wale wale, au baba zao, walishawahi kujipanga kwa ajili ya mizani kabla hawajaletewa kitabu cha kusoma. Ukimfundisha mtu huyo jinsi ya kupata pamba nyingi, umefundisha uchumi. Akiuliza nani anashika mizani, anaambiwa analeta siasa. Mpaka huo umewekwa na mtu, na aliyeuweka hakuwa amekaa kwenye dawati la wanafunzi.

Serikali yenyewe haikuogopa siasa darasani, mradi iwe siasa yake. Kozi ya redio ya mwaka 1970 iliitwa Uchaguzi ni Wako. Ya 1971, ya kuadhimisha miaka kumi ya Uhuru, ikaitwa Wakati wa Furaha. Ya 1973, Mtu ni Afya, ilikusanya takriban watu milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza kwa muda wa wiki 12, na matokeo yake ni vyoo vilivyochimbwa kila kona ya nchi. Ulipotoka Mwongozo wa TANU, tamko la chama tawala, mwaka 1971, ukasomwa viwandani. Ibara ya 15, inayomkataza kiongozi kuwa na majivuno na kuwaonea anaowaongoza, ilisomwa na wafanyakazi hadi wakaikariri kwa namba. Kisha wakaanza kuitumia. Mameneja walifungiwa milango, na mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha Mount Carmel Rubber jijini Dar es Salaam walikichukua kiwanda chenyewe. Wakubwa walitaka wafanyakazi wausome Mwongozo. Hawakutarajia kwamba watauelewa.

Kwa hiyo swali kwamba siasa iingie au isiingie darasani limeshapitwa na wakati. Imeingia siku nyingi, kupitia kitabu, redio na bango la ukutani. Linalobaki ni nani anayeileta, na kama mwanakisomo ana nafasi ya kuileta ya kwake.

Wanaotetea nafasi hiyo ndio ninaoona hawaeleweki. Wanachorwa kama wanaharakati wanaokuja na maandamano mkobani. Wachache wako hivyo, na nitawasema. Lakini kazi yenyewe, ikifanywa vizuri, haina makelele hata kidogo. Tuchukue gunia la viazi. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, pamoja na kanuni zake, inataka mazao ya shamba yafungashwe kwa uzito usiozidi kilo 100. Shambani, Njombe au Mbeya, gunia hujazwa hadi mdomoni, kisha huongezewa viazi juu yake vikashikiliwa kwa wavu na kamba mpaka gunia linaota kichwa cha pili. Hiyo ndiyo lumbesa, kila mtu anaijua. Mwalimu anaandika ubaoni: tuseme gunia lina kilo 130. Toa kilo 100. Zidisha kwa magunia 20. Mwanakisomo aliyefika hatua ya kuzidisha anapata kilo 600, na ukimwambia azigawe kwa mia anaona magunia sita yameondoka bure. Hakuna aliyehutubia. Hesabu ni ile ile ya machungwa na maembe iliyoko kitabuni, ila jibu la hii lina mwenyewe.

Hapo ndipo upande wa pili unaposema: vizuri, basi, umefundisha kuzidisha, ishia hapo, akijua hesabu atajitetea mwenyewe. Hatajitetea. Mkulima wa viazi hajawahi kuhitaji darasa ili ajue kwamba lumbesa inamuumiza. Mgongo wake unajua. Anaikubali kwa sababu akikataa peke yake, lori linasogea mita mia mbili hadi kwa jirani, na viazi vyake vinaota palepale. Ujuzi wa hesabu unamwonyesha ukubwa wa hasara. Haumpi mnunuzi mwingine. Kinachoweza kumpa nafuu ni makubaliano ya majirani wote wa barabara ile, na makubaliano hayo yanaanza kwa watu kukaa pamoja na kulitazama jambo. Darasa la kisomo ni mojawapo ya sehemu chache sana kijijini ambako watu ishirini wanakaa pamoja mara tatu kwa wiki, wake kwa waume, bila mazishi na bila mkutano wa chama. Kuwaambia wasizungumze hapo ni kupoteza mahali pazuri.

Mjini ni mikopo. Jina lenyewe la mtaani linatosha: kausha damu. Mama lishe anachukua shilingi 100,000 asubuhi, anatia saini karatasi mbili ambazo hakuzisoma, na mwisho wa mwezi anadaiwa, tuseme, 130,000. Akichelewa, wanakuja watu kubeba televisheni na godoro. Benki Kuu imeweka kikomo cha riba kwa watoa huduma ndogo za fedha wasiopokea amana: asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki moja, hiyo ni shilingi 3,500. Andika ubaoni 3,500 na 30,000, moja chini ya nyingine, kisha nyamaza. Nina hakika somo la asilimia, ambalo walimu wa kisomo hulikimbia kwa ugumu wake, litaeleweka alasiri hiyo hiyo.

Na kwa wanawake kuna karatasi nyingine nzito zaidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na inataka baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba liwe na wanawake wasiopungua watatu. Wakati huohuo Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 linamweka binti daraja la tatu katika mirathi, nyuma ya kaka zake. Zote mbili ni sheria za nchi moja. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama, kwa hiyo kile kisingizio cha kwamba sheria ziko Kiingereza kinaisha taratibu. Wape wajane sita ibara mbili wazisome kwa kupokezana, polepole, kidole kikifuata neno, halafu uwaambie wasijadili kwa sababu muda wa somo ni wa kusoma tu. Ibara ile itajadiliwa kisimani, mwalimu akiwa hayupo, na mwenye kujua sheria akiwa hayupo pia.

Mpaka hapa huenda msomaji ameshaona nimeegemea wapi. Basi tuusikilize upande wa pili pale ulipo na nguvu, maana unazo.

Nguvu ya kwanza ni muda, na safari hii kuna sayansi nyuma yake. Helen Abadzi, mtaalamu wa saikolojia ya elimu aliyefanya kazi Benki ya Dunia, ameandika kwa miaka kuhusu kwa nini madarasa mengi ya watu wazima duniani hutoa wahitimu wanaosahau. Maelezo yake kwa ufupi: kumbukumbu ya muda mfupi hushika maneno kwa sekunde chache tu. Anayesoma kwa kukokota silabi, akifika mwisho wa sentensi, mwanzo wake umeshamtoka. Msomaji huanza kufaidi anapofikia maneno kama 45 hadi 60 kwa dakika, na ubongo wa mtu mzima hufika huko kwa shida kuliko wa mtoto, kwa mazoezi mengi ya kurudiarudia. Sasa toa dakika 40 za mjadala kwenye kipindi cha saa moja na nusu, mara tatu kwa wiki, kwa watu ambao msimu wa kupalilia hawaonekani kabisa. Mwisho wa mwaka una watu wanaojieleza vizuri sana na bado wanatia dole gumba.

Hatari hiyo ipo. Mbinu iliyokuja kuitwa REFLECT, iliyojaribiwa kati ya 1993 na 1995 Bundibugyo nchini Uganda, Bangladesh na El Salvador, iliondoa kitabu kabisa. Wanakisomo walichora chini ramani ya kijiji, kalenda ya kazi za mke na za mume, mto na mashamba, kwa kutumia mbegu na vijiti, kisha maneno ya kusoma yakatoka kwenye mchoro. Ni mbinu nzuri kuitazama ikifanyika. Kalenda ya kazi peke yake inaweza kumnyamazisha mume mjuaji. Lakini inamtaka mwalimu stadi, anayeweza kuyageuza maneno ya mchoro kuwa somo la silabi siku hiyo hiyo, na walimu wetu wa kujitolea hupewa semina ya siku chache halafu wanaachwa. Asiye stadi atabaki na sehemu iliyo rahisi, ambayo ni maongezi. Ukosoaji huo ni wa haki. Anayetaka haki darasani ana deni kubwa zaidi la kufundisha herufi kuliko yule asiyeitaka, kwa sababu asipolilipa ameharibu vyote viwili.

Nguvu ya pili ni nzito kuliko hiyo, na ajabu ni kwamba hutajwa mara chache. Mwalimu ana chaki. Mwanakisomo wetu, mzee wa miaka sitini, amelelewa kumheshimu mwalimu hata kama mwalimu ni kijana wa jirani aliyemaliza kidato cha nne. Atamwambia "ndiyo mwalimu" kwa jambo lolote. Mtu akija na haki aliyoipanga mwenyewe, kutoka ofisini kwake mjini au kwenye andiko la mfadhili, ataikuta imekubaliwa na darasa zima na atarudi na ripoti nzuri. Na sisi tunajua inavyokuwa mambo yanapopangwa juu. Kati ya 1973 na 1976, miaka ileile ambayo kisomo kilikuwa kimepamba moto na vitabu vikisifu maisha ya kijiji, Operesheni Vijiji ilihamisha mamilioni ya watu, wengine kwa kubomolewa nyumba na kuchomewa. Mwanakisomo aliyekuwa akisoma asubuhi kwamba maendeleo ni ya watu aliweza kukuta mgambo mlangoni jioni. Darasa halikuwa mahali pa kuliuliza hilo. Anayeogopa siasa ya darasani kwa sababu anaikumbuka miaka ile ana haki ya kuogopa, na sina jibu la kumcheka.

Lakini hebu tulipime hilo vizuri. Kilichoharibika pale kilikuwa ni siasa ya upande mmoja: yaliyotoka juu yalisomwa kwa sauti, yaliyokuwa tumboni mwa watu hayakuwa na zamu. Dawa yake ni kumpa zamu aliyenyimwa, na wanaotaka kulinyamazisha darasa lote wanamnyima mara ya pili. Ilifanyika hivyo kule Johns Island, South Carolina, Marekani, ambako watu weusi walinyimwa kura kwa kisingizio cha mtihani wa kusoma. Januari 1957 ilifunguliwa shule ndogo nyuma ya duka la ushirika, na aliyepewa kufundisha hakuwa mwalimu wa shule. Alikuwa msusi, Bernice Robinson. Aliwauliza wanafunzi wake wanataka nini. Walitaka kuandika majina yao, kusoma Biblia, kusoma barua za watoto wao walio mbali, kujaza fomu za kutuma fedha. Akaanza na hayo. Fomu ya kujiandikisha kupiga kura ilikuwa karatasi mojawapo kati ya karatasi zao, na ikaja kwa zamu yake. Shule za namna hiyo zilienea kusini mwa Marekani hadi Sheria ya Haki za Kupiga Kura ilipopitishwa mwaka 1965.

Kuna takwimu moja ambayo kila upande huivutia kwake, nami imenikaa kichwani kwa sababu haikubali kuvutwa kirahisi. Mwaka 1967, kati ya watu wazima 100 nchini, takriban 67 hawakujua kusoma na kuandika. Mtihani wa kisomo wa taifa wa 1975 ukaonyesha 39. Wa 1977, 27. Wa 1981, 21. Wa 1983, 15. Wa 1986, hawakufika hata kumi. Nchi maskini, kwa walimu wa kujitolea waliolipwa posho ya shilingi 30 kwa mwezi, ilifika mahali ambapo nchi nyingi tajiri kuliko yetu hazikufika, na tulikuwa na haki ya kutamba. Kisha sensa ya 2002 ikaja na habari kwamba takriban watu wazima watatu katika kila kumi hawajui kusoma wala kuandika.

Walienda wapi? Wa upande wa herufi wanasema: mlijaza siasa, mkafundisha juujuu, watu wakasahau. Wa upande wa mjadala wanasema: mlifundisha kufaulu mtihani wa serikali, watu hawakuwa na la kufanya na herufi zile, wakasahau. Wote wawili wanaharakisha. Sehemu ya hao watatu hawakusahau chochote, kwa sababu hawakuwahi kufundishwa: ni watoto wa miaka ya 1980 na 1990, walioikosa shule ya msingi wakati ada na michango iliporudi na madarasa yakachakaa, wakawa watu wazima wakati wa sensa. Hawa ni kosa la shule, si la kisomo. Na mtihani wa kisomo na swali la sensa havipimi kitu kimoja, mmoja ulikuwa na madaraja manne, na mwingine ni karani anayeuliza "unajua kusoma na kuandika?" mlangoni.

Ukiwatoa hao, bado wanabaki waliosahau kweli. Kanda ya Ziwa ilikuwa na gazeti la wanakisomo, Elimu Haina Mwisho, na vijiji vilikuwa na maktaba za sanduku. Uchumi ulipoanguka, karatasi ikawa adimu kama sukari, na magazeti ya vijijini yakafa moja baada ya jingine. Mtu asiye na cha kusoma husahau, hata awe amefundishwa kwa mbinu gani. Lakini kaa na swali hilo hatua moja zaidi: ni karatasi gani ambazo hazikufa? Katika miaka ile mibaya kuliko yote, mkulima aliendelea kupokea stakabadhi ya mazao. Aliendelea kuitwa kwenye mkutano wa kijiji ulioandikwa muhtasari. Barua ya baraza la kata, hati ya mgogoro wa shamba, kadi ya kliniki, risiti ya michango ya shule, na siku hizi ujumbe wa mkopo kwenye simu. Karatasi za raha ndizo zilizokufa. Za mamlaka hazikukatika hata siku moja. Kama kisomo kingemzoesha mwanakisomo kuzishika hizo, kuzisoma, kuziuliza maswali na kuzirudisha zikiwa na makosa, angekuwa na cha kusoma hata mwaka 1985. Hii ni dhana yangu, siwezi kuithibitisha kwa namba zile. Ila kila nikiangalia orodha ya karatasi hizo, sioni hata moja unayoweza kuifundisha kwa ukamilifu bila kugusa nani ananufaika nayo.

Hata ukiuweka mjadala kando, kusoma kwenyewe kumewahi kuhesabiwa uchochezi. Mwaka 1963 huko Angicos, kaskazini mashariki mwa Brazili, Paulo Freire na wenzake walifundisha wafanyakazi 300 kwa saa 40. Brazili ya wakati huo haikumruhusu asiyejua kusoma kupiga kura, katazo lililodumu hadi 1985. Kila aliyehitimu alikuwa mpiga kura mpya. Mapinduzi ya kijeshi ya 1964 yalifuta mpango huo, Freire akafungwa kisha akaishi uhamishoni, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akafika Dar es Salaam, ambako watu wa elimu ya watu wazima walimsikiliza kwa makini. Wanajeshi wale hawakuhitaji kusoma mitaala. Walihesabu kura.

Na hilo linatuleta kwenye hoja ya tatu ya wapinzani, ile wanayoisema kwa sauti ya chini: hatari. Mfano uko karibu. Kamĩrĩĩthũ, Limuru nchini Kenya, mwaka 1976, wakazi wa kijiji cha vibarua wa mashamba ya chai na wa kiwanda cha viatu walikuwa na darasa la kisomo kwenye kituo chao. Ngũgĩ wa Mĩriĩ alihusika na elimu, Ngũgĩ wa Thiong'o na utamaduni. Mazungumzo ya darasani yalikuwa ya maisha yao: ardhi, ujira, nani alipata nini baada ya Uhuru. Yakazaa mchezo wa kuigiza, Ngaahika Ndeenda, na wanakijiji wakajenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa kuketisha watu zaidi ya elfu mbili. Mchezo ulianza kuonyeshwa Oktoba 2, 1977. Novemba 16 ukapigwa marufuku. Desemba 31 Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akakaa kizuizini karibu mwaka mzima bila kushtakiwa. Machi 1982 polisi walikuja na malori wakaubomoa ukumbi, na Ngũgĩ wa Mĩriĩ akakimbilia Zimbabwe.

Mkosoaji anauliza: wanakisomo wa Kamĩrĩĩthũ walifaidika nini? Darasa limekufa, kituo kimefungwa. Mama aliyekuwa anaanza kuandika jina lake alirudi kwenye chai. Siwezi kulijibu swali hilo kwa kusema kwamba mchezo ule unasomwa vyuo vikuu duniani kote. Huyo mama hakuandikishwa ili vyuo vikuu vipate cha kusoma. Jibu pekee lenye heshima ninaloliona ni kwamba uamuzi wa kuhatarisha darasa ulikuwa wao pia: walishiriki kuutunga mchezo, wakausahihisha pale lugha na maisha ya kiwandani yalipokosewa, wakajitolea kuuigiza. Watu wazima hufanya uamuzi wa namna hiyo kila siku, kuhusu shamba, ndoa na safari. Kuwaambia hawawezi kuufanya wakiwa darasani ni kuwarudisha utotoni, na dawati lile dogo limeshawarudisha vya kutosha.

Hata hivyo sikubali mwalimu mmoja auchukue uamuzi huo kwa niaba yao. Kipimo ninachoweza kukitetea mbele ya mtu wa upande wa herufi ni hiki: jambo litoke kwa wanakisomo, na kila kipindi kiishe na kitu kilichosomwa na kilichoandikwa na kila mmoja kwa mkono wake. Kikikosekana cha pili, mkosoaji ameshinda na sina neno.

Kuna pahala ambapo hata kipimo hicho hakisaidii, na sijaona mtaala unaopagusa. Mwalimu wa kisomo ni mkazi wa kijiji hichohicho. Siku anapoandika ubaoni 3,500 na 30,000, mkopeshaji anaweza kuwa mke wa mwenyekiti wa kitongoji, amekaa dawati la nyuma, na mwalimu mwenyewe anadaiwa naye. Mnunuzi wa lumbesa anaweza kuwa ndiye aliyechangia mabati ya darasa. Mwalimu huyo hana ajira, hana mkataba, na posho yake inaweza kukatwa kwa simu moja. Tunajadili kama haki iingie darasani huku tukimwachia mlango mtu asiye na ulinzi wowote. Afisa elimu ya watu wazima wa wilaya anaweza kuanza na hilo: kuandika barua, yenye mhuri, inayosema kwamba kikomo cha riba, uzito wa gunia na ibara za ardhi ni sehemu halali ya somo la kisomo, na nakala yake iende kwa mtendaji wa kijiji kabla chaki haijagusa ubao.